Vitabu vya watoto waliohama: maswali mnayoniuliza kila Jumamosi

Kwenye kona yetu ya kusomea hapa Katuba, Lubumbashi, maswali ni yaleyale, yanabadilika midomo tu. Wazazi huuliza wakiwa wamesimama mlangoni. Walimu huuliza huku wamekumbatia kitabu kifuani, kana kwamba kuna mtu anataka kuwanyang'anya. Watoto huuliza bila hata kusalimia. Nimeyaandika hapa ili Jumamosi nipate nafasi ya kusoma. Swali likishajibiwa mahali pamoja sitalirudia, nitakupa namba yake.

## Mambo ya kuanzia

1. Mnaposema "vitabu vya uhamaji" mnamaanisha vitabu gani hasa?

Ni vitabu vya watoto na vijana ambamo mhusika anaishi mahali ambapo yeye au wazazi wake hawakuzaliwa, na jambo hilo linagusa siku yake ya kawaida: lugha anayoombea chumvi, jina ambalo mwalimu analikosea kila asubuhi, chakula anachokila akiwa amegeukia ukuta. Humo yumo mkimbizi, yumo mtoto wa mchimba shaba, yumo msichana aliyepelekwa kwa mjomba Ndola "kwa muda" na muda ukawa miaka sita. Pasipoti si lazima. Mtu anaweza kuhama kwa treni ndani ya nchi moja na akafika akiwa mgeni kuliko aliyepanda ndege.

Kitabu chenye picha ya watoto wa rangi sita walioshikana mikono kuizunguka dunia sikihesabu. Hilo ni bango.

2. Sisi ni watu wa Lubumbashi, hatujahama popote. Vinatuhusu nini?

Muulize mtoto yeyote wa mtaa wetu wa Kamalondo au wa mtaa wetu wa Kenya kambo yake, yaani babu au bibi, alizaliwa wapi. Utasikia Kasai, Kongolo, Kasenga, Rodezia, Angola, Rwanda. Wachache watasema "hapahapa", na kati yao wengi watakuwa Walamba, wenye ardhi.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli ilipofika kutoka Rodezia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa na shaba nyingi na mikono michache, ikaenda kuitafuta mikono mbali. Mwanzoni wanaume walikuja peke yao kwa mikataba mifupi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikaona ni nafuu kuwaacha wakae na wake zao, na watoto wakaanza kuzaliwa kambini. Mwaka 1928 reli ikakamilika hadi Ilebo, wakati huo ikiitwa Port-Francqui, na watu wa Kasai wakapata njia ya kuja moja kwa moja. Wazungu nao walihamia, tena si Wabelgiji peke yao. Kulikuwa na Wagiriki na Waitaliano, na Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes walijenga sinagogi mwaka 1930. Ukipita mjini bado utaliona.

Hata Kiswahili chetu ni mgeni aliyekaa hadi akakabidhiwa funguo. Hakuna mzee wa Kilamba wala wa Kisanga aliyekirithi kwa mababu zake. Kililetwa na biashara na kazi, kikawa lugha ya kambi, kisha kikawa lugha ambayo mama anambembelezea mtoto. Mtu akiniambia kwamba hadithi za wahamiaji hazituhusu, humwomba aniambie hivyo bila kutumia Kiswahili.

3. Nimesikia kwamba vitabu ni "kioo na dirisha". Ni nini hiyo?

Ni maneno ya Rudine Sims Bishop, profesa wa Marekani, aliyoyaandika mwaka 1990. Kitabu kinaweza kuwa kioo mtoto anamojiona, au dirisha la kuchungulia nyumba ya jirani, na mara nyingine dirisha hilo ni mlango wa kioo anaousukuma akaingia. Aliyasema kwa sababu watoto Weusi wa nchi yake walipewa madirisha tu. Kituo kimoja cha vitabu vya watoto huko Madison, Wisconsin, kilipohesabu vitabu vya mwaka 1985 kilikuta 18 tu vya watunzi Weusi wa Marekani kati ya takribani 2,500.

Kwetu hesabu haihitaji kituo. Simama mbele ya rafu ya shule yako uhesabu vitabu ambamo mtu anakula bukari, ugali wetu.

## Lugha

4. Mtoto aandike na asome kwa Kiswahili kipi: cha vitabuni au cha mtaani?

Hili ndilo swali linalovunja vikao. Nianze na karatasi niliyonayo mbele yangu. Msichana wa miaka kumi na moja aliandika kuhusu babu yake: "Kambo alifikaka na train ya Ilebo, njo pale alianzaka kazi ku kampuni." Akaipeleka shuleni. Karatasi ikarudi na wino mwekundu: "Babu yangu aliwasili kwa treni kutoka Ilebo, kisha akaajiriwa na kampuni." Sentensi ya pili haina kosa hata moja. Tatizo ni kwamba mzee hayumo tena. Yule aliyefika na treni alikuwa na "alifikaka" yake, na hiyo *-aka* ya mwisho inabeba umbali wa zamani ambao "aliwasili" haiubebi. Msichana akaniuliza, "Mwalimu, sasa huyu babu ni nani?"

Ushauri wangu, na wenzangu wengine hawaukubali: msimulizi aongee Kiswahili sanifu, ili kitabu kiweze kusomwa Kalemie, Kigoma na Mombasa. Wahusika waongee kama wanavyoongea. Mama wa Katuba akiwatafuta wanawe atasema "Batoto beko fasi wapi?" Ukimtia mdomoni "Watoto wako wapi?" umemhamisha bila nauli. Hakuna haja ya kamusi pembeni wala ya kukolezea maandishi. Mtoto wa Tanga ataelewa kwa mwendo wa hadithi, kama sisi tulivyoelewa "nyama choma" kabla ya kuiona.

Shuleni ni jambo lingine. Mtihani una sheria zake, na mtoto anapaswa kujua zote mbili na kujua iko ipi wapi. Kumwambia kwamba lugha ya nyumbani kwao ni uchafu wa kufutwa kwa wino mwekundu, hapo sikubali.

5. Nyumbani tunaongea Kiluba cha Kasai, nje Kiswahili, shuleni Kifaransa. Mtoto si atachanganyikiwa?

Hapana. Mtoto wa namna hiyo anajua tayari kwamba kitu kimoja kina majina matatu, na huo ni mwanzo mzuri wa kuwa msomaji. Mpe kwanza kitabu cha lugha anayoielewa akisikia, umsomee kwa sauti, zile nyingine zifuate. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu lugha za taifa na za mazingira kutumika kufundishia, kwa hiyo mwalimu anayesoma hadithi ya Kiswahili darasani haibi muda wa Kifaransa.

Kibaya ni kumkataza lugha ya bibi yake "ili asichekwe". Atachekwa kwa jambo lingine, na bibi atakuwa hana wa kuongea naye.

6. Je, kuna maandishi ya zamani kwa Kiswahili chetu, au tunaanza leo?

Yapo, na ni ya ajabu. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu, wakati huo Elisabethville, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, maboyi kama walivyoitwa. Aliiandika kwa Kiswahili cha hapa, akiipa jina la Kifaransa *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri. Wapishi na wafua nguo ndio wanaoeleza mji ulivyojengwa. Haikuandikwa kwa ajili ya watoto, na tahajia yake itamtoa jasho hata mtu mzima, ila kurasa chache zikisomwa kwa sauti darasani huamsha kila mtu. Kijana mmoja aliniambia: "Kumbe unaweza kuandika hivi na kikawa kitabu."

## Kuchagua

7. Nitajie vitabu, Mwalimu. Acha maneno mengi.

Sawa. Nataja vinne tu, ambavyo nimevisoma hadi mwisho.

*The Arrival* cha Shaun Tan wa Australia, cha mwaka 2006, hakina neno hata moja, ni michoro tupu. Baba anaaga mke na binti, anavuka bahari, anafika mji wenye wanyama wa ajabu na maandishi ambayo msanii ameyabuni. Hapo ndipo ujanja ulipo: hakuna msomaji duniani anayeyajua maandishi hayo, kwa hiyo profesa na mtoto wa darasa la pili wanapotea sawasawa na yule baba. Tulikiweka mezani siku moja mbele ya watoto wanane wenye lugha nne. Ukurasa ambao baba anajaribu kuomba chumba kwa kuchora kitanda, mvulana aliyekuwa hajafungua mdomo tangu alipoletwa kwetu alisema: "Na mimi nilifanyaga vile, kwa maji."

*When Stars Are Scattered* cha Victoria Jamieson na Omar Mohamed, cha mwaka 2020, ni cha picha na maneno ya Kiingereza. Ni maisha ya Omar mwenyewe alipokulia kambi ya Dadaab, Kenya, akimlea mdogo wake Hassan. Kinachonipendeza ni kwamba vita vinachukua kurasa chache. Sehemu kubwa ni kungoja: foleni ya maji, foleni ya chakula, kungoja jina lisomwe kwenye orodha. Watu wetu walioko kambi za Meheba au Nyarugusu wanakujua kungoja huko.

*Petit pays* cha Gaël Faye, cha mwaka 2016, kinasimuliwa na Gabriel, mvulana wa Bujumbura, baba Mfaransa na mama mkimbizi wa Rwanda. Kilipata tuzo ya Goncourt inayotolewa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa. Nusu ya kwanza ni maembe ya wizi na urafiki wa kichochoroni, nusu ya pili ni nzito. Nasema miaka kumi na minne na kuendelea, na mtu mzima awe amekisoma kwanza.

*How Dare the Sun Rise*, cha mwaka 2017, ni kumbukumbu za Sandra Uwiringiyimana wa Kivu Kusini. Akiwa na miaka kumi alinusurika mauaji ya kambi ya Gatumba, Burundi, Agosti 2004, ambako mdogo wake wa kike aliuawa. Baadaye familia yake ilihamishiwa Rochester, Marekani. Kwa vijana wakubwa. Kurasa za Marekani ndizo ninazozirudia: shuleni anaambiwa yeye ni Mweusi, na inabidi ajifunze maana ya neno hilo huko, maana kwao alikuwa akiulizwa kabila.

8. Na *Tram 83*? Mwandishi si ni wa kwetu?

Fiston Mwanza Mujila alizaliwa Lubumbashi mwaka 1981 na anaishi Graz, Austria. Ni wa kwetu kabisa. Kitabu ni cha watu wazima. Mtoto atakifikia mwenyewe, usimharakishe.

9. Mtoto wangu bado mdogo, miaka mitano. Aanze na nini?

Mtandao wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi fupi za picha ambazo unaruhusiwa kuzisoma, kuzitafsiri na kuzichapa bure, za Kiswahili zikiwemo. Sisi huzichapa kwa rangi nyeusi, watoto wakapaka rangi wenyewe. Kwa umri huo uhamaji uwe mdogo: kuhama chumba, rafiki mpya, bibi anayekuja kutoka mbali na mizigo yenye harufu ya samaki.

10. Kwa nini msitumie hekaya za wanyama? Hazimuudhi mtu.

Zinaudhi vizuri sana zikipata fundi. In Koli Jean Bofane alikimbilia Ubelgiji mwaka 1993, na mwaka 1996 akatoa hadithi ya watoto inayoeleza kwa nini simba si mfalme tena. Kila Mkongomani aliyeisoma alijua simba ni nani: Mobutu, rais wa wakati ule. Shida ya wanyama ni pale ambapo kila kabila linapewa mnyama wake. Siku hiyo mtoto mmoja atarudi nyumbani akiwa fisi, na utapata kazi ya kumweleza mama yake.

11. Tumepewa makasha ya vitabu kutoka Ulaya. Tuyakubali?

Yakubali, kisha yachambue kabla watoto hawajayaona. Shirika moja lilituletea makasha kumi na moja, tukapiga picha, tukapiga makofi. Ndani mlikuwa na miongozo ya kuteleza kwenye theluji, vitabu vya hesabu ambavyo mtoto mwingine alishaandika majibu yake, na nakala ishirini na tatu za kitabu kimoja chenye mtoto wa Kongo kwenye jalada, chozi shavuni. Ishirini na tatu! Watoto wakaniuliza kwa nini analia. Nikakisoma chote, na hata mwisho sikujua, maana hakuna aliyemwuliza. Karatasi za theluji zimetufungia karanga hadi leo.

12. Nitajuaje kwamba kitabu cha mtoto aliyehama ni kibaya?

Tazama anachokitaka mtoto. Katika kitabu kibaya hataki kitu chochote isipokuwa kuokolewa. Hana deni la pipi, hana timu ya mpira, hamchukii dada yake hata siku moja, na hajawahi kusema uongo. Ni mwema kama mgonjwa anayekaribia kufa. Halafu tazama nani anatatua shida: akiwa ni mwalimu mzungu mwenye macho ya huruma ukurasa wa 30, funga. Tazama pia anakotoka. Kama ni "kijiji kimoja Afrika", bila jina la mto wala la sokoni, mwandishi hakufika, na hakumwuliza aliyefika.

Mimi nina kipimo changu ambacho hakimo katika kitabu chochote cha ualimu: mtoto aliyehama acheke angalau mara moja kabla ya nusu ya kitabu, na awe na shida moja ambayo haihusiani na kuhama. Vita vilimfukuza, sawa, lakini leo amepoteza kalamu ya kaka yake na anaogopa kurudi nyumbani. Hapo ndipo mwenzake wa dawati moja humfahamu.

## Yanayouma

13. Nizungumze na watoto kuhusu 1992 na 1993?

Ndiyo, wakifika miaka kumi hivi, kwa sababu neno wanalo tayari. "Bilulu", wadudu, ndivyo watu wa Kasai walivyoitwa mikutanoni wakati ule, na bado nalisikia likirushwa uani wakati wa ugomvi wa mpira. Anayelirusha hajui lilikotoka.

Kwa kifupi, kile unachoweza kuwaambia: mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, kazi za Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, zikaanza kukauka, na wanasiasa wakatafuta wa kulaumiwa. Mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa Katanga, walifukuzwa. Wengi walilala kwa miezi kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi wakingoja mabehewa, na watoto walikufa kwa magonjwa. Haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1961, wakati wa kujitenga kwa Katanga, maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa mjini humuhumu.

Darasani mwako wamo wajukuu wa waliofukuzwa, wajukuu wa waliowaficha na wajukuu wa waliochukua nyumba. Kwa hiyo usianze na hukumu, anza na kitu. Sisi tulianza na ufunguo. Kila mtoto aliulizwa: ukiondoka leo na ufunguo wa nyumba, utamwachia nani? Saa nzima ilipita na hakuna aliyetaja kabila. Mmoja alisema atamwachia mama Kabila wa jirani kwa sababu ana mbwa, darasa likacheka, ikabidi aeleze kwamba ni jina la mama huyo.

Siku hizi treni bado zinaleta vijana kutoka Kasai kutafuta maisha, na maneno ya zamani yanapigwa pasi upya. Swali hili usiliahirishe.

14. Nina mwanafunzi aliyekimbia vita. Kitabu kama hicho hakitamtonesha kidonda?

Kinaweza. Usimpe kitabu cha kisa chake, na kamwe usimwambie mbele ya wenzake "huyu anajua, atuambie". Acha vitabu vya aina mbalimbali mezani, achague. Wengi huchukua cha mpira. Mwache asome cha mpira mwaka mzima. Akikaa karibu na mlango, mwache hapo pia. Kitabu kisicho na maneno (swali la 7) husaidia kwa sababu anaweza kufungua na kufunga bila kutoa maelezo.

Akiwa halali usiku, anajikojolea au hasemi, hilo si la mwalimu wa kusoma. Mpeleke kituo cha afya.

15. Mwanangu amerudi kutoka Ubelgiji. Wenzake wanamwita muzungu na kucheka Kiswahili chake.

Kurudi nako ni kuhama, ila hakuna anayemwonea huruma anayerudi na viatu vizuri. Usimlazimishe asome kwa sauti mwezi wa kwanza. Mpe kazi ambayo Kifaransa chake ni mali: awasomee wadogo, nao wamfundishe kusema "njo vile" mahali pake.

Natamani kungekuwa na kitabu cha watoto kwa jambo hili. Msanii Baloji alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1978, akapelekwa Ubelgiji akiwa mdogo sana, na miaka mingi baadaye akapata barua ya mama yake. Albamu yake ya mwaka 2007 ilikuwa kama jibu la barua hiyo. Ongeza kwamba jina lake kwetu linamaanisha wachawi, na kwamba ilibidi akue nalo. Hadithi imeiva, inangoja mwenye kalamu ya watoto.

16. Vitabu hivi havitawatia watoto hamu ya kwenda Ulaya?

Hamu wanayo, wameipata kwenye simu ya kaka. Simu inaonyesha gari, kitabu kinaonyesha baba anayefua mashuka ya hoteli usiku na kujibu "niko sawa" anapopigiwa. Sijaona mtoto aliyefunga safari kwa sababu ya riwaya.

17. Na watoto wa baba Mgiriki, Mhindi au Mchina? Wao si "wahamiaji" wa kusikitikiwa.

Hakuna wa kusikitikiwa katika ukurasa huu. Mtoto anayeitwa "Chinois" ingawa hajavuka mpaka wa Kasumbalesa ana hadithi, hata kama baba yake ana lori.

Kuna pia historia ya wametisi ambayo vijana wakubwa wanapaswa kuijua. Chini ya ukoloni, watoto wa baba mzungu na mama Mwafrika walichukuliwa kwa mama zao wakapelekwa misheni. Waziri mkuu wa Ubelgiji aliomba radhi Aprili 2019, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliwapa haki wanawake watano waliochukuliwa hivyo Kasai, ikasema ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Wanawake hao walichukuliwa kabla ya kutimiza miaka saba, umri wa watoto ninaowasomea Jumamosi.

## Kuandika wenyewe

18. Sijawahi kuhama. Naruhusiwa kuandika hadithi ya mkimbizi?

Naruhusu, kama ruhusa ni yangu. Ila andika kwanza hadithi ya aliyempokea. Nani alilala chini ili mgeni apate kitanda? Nani alichoka naye wiki ya tatu akaona aibu kuchoka? Hilo unalijua, na vitabu vyake ni haba kuliko vya wakimbizi. Ukitaka bado kuingia kichwani mwa mkimbizi, mpe asome mkimbizi mmoja wa kweli kabla ya mchapishaji, na jibu lake likiwa "hapana", usitafute mkimbizi wa pili atakayesema ndiyo.

19. Nimhoji vipi kambo? Anasema "hakuna cha kuambia".

Usimwulize alihama lini. Mwulize alibeba nini, na nani alibeba sufuria. Mwulize waliposhuka kwenye treni walikula nini siku ya kwanza. Kambo mmoja aliyenijibu "hakuna" mara tatu aliongea dakika arobaini kuhusu bitoyo, samaki wa chumvi, jinsi alivyodhani samaki yule ameoza, jinsi mumewe alivyomwambia "hapa njo tunakulaka", na jinsi leo akipelekwa Kasai anavyoagiza apelekewe bitoyo. Ninayo kwenye simu yangu, na kuku wanasikika nyuma. Hiyo ndiyo sura ya kwanza ya kitabu, imeshaandikwa.

Rekodi kwa ruhusa. Andika kama alivyosema (swali la 4), ndipo uamue utakachosawazisha.

20. Tunachapishaje bila pesa?

Karatasi nne zikikunjwa katikati zinatoa kurasa kumi na sita. Kibanda cha fotokopi, sindano, uzi wa cherehani. Jalada litoke kwenye kasha la sabuni, maana halipati unyevu haraka. Chapa nakala kumi, usichape mia. Nakala kumi husomwa zikachanika, na mia hubaki chini ya kitanda cha mwandishi.

21. Mzee ametupa hadithi yake lakini hataki jina lake litajwe. Naye mjukuu anataka litajwe. Tumsikilize nani?

Mzee. Hata akiwa amefariki kabla ya kuchapa, neno lake ni lilelile. Mjukuu aweke jina lake mwenyewe kama mwandishi, hilo halimnyang'anyi mtu kitu. Badilisha pia kijiji, kazi na idadi ya watoto, kwa sababu Katuba tunatambuana kwa idadi ya watoto. Mwulize mzee jina gani analitaka kitabuni. Tulipomwuliza yule wa bitoyo alifikiri kidogo, akachagua jina la kituo cha treni alichojifungulia njiani, kisha akaomba tulitamke kwa sauti ili asikie linavyokaa.